MGENI WA SIKU KUMI NA NNE

Sisi wa Makambako tunaishi njia panda. Barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia inapita mlangoni petu, ile ya Njombe na Songea inachepukia hapa hapa, na reli ya TAZARA ina stesheni kwetu. Kinachoingia nchini hakikawii kutufikia, kiwe kitenge, kiwe ugonjwa. Ndiyo maana mwezi huu tunaukumbuka ujio wa UVIKO-19, kwani ugonjwa mwingine mpya wa njia ya hewa waweza kuja vile vile.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa na Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, tarehe 16 Machi 2020. Alikuwa mama Mtanzania aliyetoka Ubelgiji, akashuka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro siku moja kabla. Uwanjani alipimwa joto, hakuonekana kuwa na homa. Alipofika hotelini Arusha ndipo alipoanza kujisikia vibaya. Akaenda hospitali ya Mount Meru, sampuli ikapelekwa maabara ya Taifa Dar es Salaam, virusi vikaonekana. Mama huyo alipona.

Kisa hiki kina jambo ambalo wengi wetu hatukulitazama vizuri. Kipimo cha joto hupima homa tu, hakipimi virusi. Tangu mtu aambukizwe mpaka dalili zitokee huweza kupita siku 2 hadi 14, na wengine hawapati homa kabisa, lakini wanaambukiza. Basi ukaguzi wa mpakani, hata ukifanywa kwa uaminifu, humwacha mmoja apite. Hapo ulinzi unabaki kwa msafiri mwenyewe: je, atasema mapema, au atanyamaza?

Tarehe 17 Machi shule zilifungwa na mikusanyiko ikazuiwa. Wiki moja baadaye wasafiri waliotoka nchi zenye ugonjwa walitakiwa kutengwa siku 14 kwa gharama zao. Makanisa hayakufungwa, ila ndoo za kunawia zikawekwa milangoni na kupeana mikono ya amani kukaachwa.

Kisha zamu ya madereva wa malori ikafika. Mei 2020 Zambia ilifunga kwa muda mpaka wake wa Nakonde, na malori yakakwama upande wa Tunduma. Dereva akawa mtu wa kunyoshewa kidole. Tunasema wazi kwamba hilo halikutusaidia. Dereva anayenyimwa chumba na chakula hujifunza kuficha kikohozi, naye akikificha, mama ntilie na watoto wake ndio wanaoumia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni atokaye penye ugonjwa mpya usimpe jembe upesi hivyo! Mpe chumba chake, au walau kitanda karibu na dirisha lililo wazi, na vyombo vyake. Asimkaribie bibi wala babu, wala mwenye kisukari au shinikizo la damu. Chakula apelekewe na mtu mmoja, aliyevaa barakoa, atakayenawa kwa sabuni akitoka. Na asalimiwe kwa maneno mengi, hata kupitia dirishani, maana upweke nao huumiza.

Kuhusu nyungu, tunajua wengi waliipenda. Mvuke waweza kumpa mtu nafuu ya mafua, lakini hauui virusi, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi ni hatari kubwa kwa mtoto.

Chanjo ilianza kutolewa nchini tarehe 28 Julai 2021. Lakini ugonjwa ukiwa mpya kabisa, chanjo huwa bado haipo. Katika miezi hiyo tazameni pumzi ya mgonjwa. Akihema haraka, akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi au akianza kuchanganyikiwa, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, na mkifika mwambieni mganga ametoka wapi na lini.