Pwani Kusini, mkwaruzo wa gari si suala la urembo

GARI lililotumika linaposhushwa bandarini Mombasa kutoka Japani na kuvushwa Likoni kuelekea Ukunda, Diani au Msambweni, mnunuzi huwa ameshakagua injini, gia na matairi. Vikwaruzo vya rangi huvipuuza, akivihesabu kuwa ni mambo ya urembo. Akiwa mkazi wa Nairobi huenda asijutie hilo kwa muda mrefu. Mkazi wa Kwale hana nafasi hiyo.

Sababu ni chumvi. Upepo wa bahari, uwe wa kusi au wa kaskazi, hubeba matone madogo mno ya maji ya chumvi na kuyatua juu ya kila kilicho karibu na ufuo. Chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu. Maji hayo yakiwa na chumvi hupitisha umeme kwa wepesi zaidi, na kwa kuwa kutu huzaliwa na mkondo mdogo wa umeme unaopita juu ya chuma, kazi huenda mbio. Isitoshe, kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huisukuma na kuiinua rangi iliyo kandokando. Ndipo alama ya ukubwa wa punje ya mtama inapogeuka lengelenge, ilhali mwenye gari angali akisema atalishughulikia mwisho wa mwezi.

Kwa hivyo swali la kwanza si kama rangi mpya itafanana na ya zamani. Ni kama chuma kimeachwa uchi.

Bodi ya gari la kisasa huwa na praima juu ya chuma, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Osha mahali penye alama, pakauke, kisha pitisha ukucha. Usiponasa, mkwaruzo umo ndani ya klia tu, na utaondoka kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini. Alama za namna hii ni nyingi Diani, ambako kima hurukia paa la gari lililoegeshwa chini ya miti, na waoshaji hutumia kitambaa chenye mchanga. Zinaudhi, lakini haziozeshi gari.

Ukucha ukinasa, tazama kwa makini. Rangi ya kijivu au nyeupe chini ya shimo kwa kawaida ni praima. Mng'ao wa chuma au wekundu wa kutu ni dalili ya kuanza kazi wiki hiyo hiyo. Sehemu za kuchunguzwa kwanza ni ukingo wa mbele wa boneti na kingo za fenda juu ya magurudumu, kwani ndizo zinazopokea kokoto pindi unapoacha barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga na kushika njia za mawe ya matumbawe. Bampa nyingi ni za plastiki, hazishiki kutu. Hizo zinaweza kusubiri.

Jina la rangi halitoshi dukani. Magari mengi ya Japani huwa na kibandiko au kibati chenye nambari ya rangi, mlangoni au chini ya boneti. Kwa Toyota, 040 ni nyeupe ya kawaida na 202 ni nyeusi. Nyeupe ya lulu, 070, hupakwa kwa matabaka zaidi, na kuifananisha kwa brashi ni kazi ngumu hata kwa fundi mzoefu.

Anza kwa kuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya visima vilivyo karibu na ufuo mara nyingi yana chumvi, na kuyatumia hapa ni sawa na kuifungia kutu ndani. Kwangua kutu yote, kisha sugua kwa kipande kidogo cha msasa nambari 400 mpaka chuma king'ae. Futa kwa spiriti, paka praima siku hiyo hiyo. Ikikauka, tia rangi kwa brashi ndogo, tabaka jembamba baada ya jingine, hadi shimo lijae na kupanda kidogo juu ya rangi ya kando. Malizia kwa klia. Baada ya siku kadhaa lainisha kwa msasa wa maji nambari 2000, kwa mkono mwepesi, kisha ng'arisha. Nta isubiri takriban mwezi mmoja.

Wakati wa kazi una uzito wake. Mei, mwezi ambao mvua za masika huwa kali Pwani, haufai. Rangi inapokauka, kiyeyusho chake huruka na kupoza uso wa bodi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hutua hapo na kuacha ukungu mweupe. Subiri umande ukauke, egesha kivulini, wala si mwembeni utomvu unapodondoka.

Wapo wanaopaka rangi ya kucha au dawa ya meno. Ya kwanza huziba kwa muda tu juu ya kutu iliyo hai. Ya pili hung'arisha kidogo, haizibi chochote.

Mnunuzi naye awe macho na gari lililopakwa rangi majuzi, hasa sehemu ya chini ya milango. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa humsaidia: isiponata mahali panapopaswa kuwa chuma, huenda chini yake ni puti nene iliyofunika tundu. Tena lengelenge likibonyea kwa kidole gumba, brashi haina kazi tena. Hapo bati limeshaliwa kutoka ndani, na fundi atalazimika kulikata na kuchomelea jipya.