Pwani ya Rumonge haikuwa tupu

MSAFIRI anayetoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa barabara ya kando ya ziwa, baada ya kilomita kama 10 hivi hufika Mugere. Pale kilimani pana jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni hupenda kupigia picha hapo. Wako wanaosadiki kwamba ndipo Wazungu hao wawili walipokutana kwa mara ya kwanza.

Si kweli. Walikutana Ujiji, katika Tanzania ya leo, kabla ya tarehe hiyo. Mugere walipumzika siku mbili tu wakiwa njiani kwenda kaskazini ya ziwa, kuangalia kama mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka. Wakaona unaingia. Wavuvi wa Uzige wangeweza kuwaambia hivyo bila wao kutoka Ujiji, lakini siku hizo jambo lilihesabiwa kuwa halijulikani mpaka lifike London.

Mtumbwi waliosafiria uliazimwa kwa Mwarabu mmoja wa Ujiji, Said bin Majid. Waliopiga kafi na walioonyesha njia walikuwa watu wa huku huku. Hao hawamo kwenye jiwe.

Nafundisha historia na jiografia hapa Rumonge, na kila mwaka mwanafunzi mmoja huniuliza: kabla ya Wazungu, huku kulikuwa na nini? Huuliza kwa nia njema, akitaraji kusikia kwamba palikuwa na msitu na viboko. Swali hilo ndilo limenifanya niandike makala haya. Pwani yetu imeitwa tupu mara nyingi mno, na kila ilipoitwa tupu kuna mtu aliyepoteza shamba.

Njia kuu ya maji

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, na upana wake kwa wastani ni kama kilomita 50 tu. Kina chake kinafika mita 1,470, na duniani ni ziwa la Baikal peke yake linaloshinda hapo. Burundi ina sehemu ndogo, kama asilimia 8 ya maji yote; Kongo na Tanzania ndizo zenye sehemu kubwa, na Zambia ina kipande cha kusini. Kwa umbo hilo jembamba, ng'ambo si mbali. Siku isiyo na ukungu, mtu akisimama ufukweni Rumonge anaiona milima ya Ubwari, upande wa Kongo.

Burton na Speke walipopita mwaka 1858, Burton aliichukulia Ubwari kuwa kisiwa. Ni rasi. Mbwari yeyote angemwambia kwamba kwao kunafikika kwa miguu. Lakini Burton huyo huyo aliacha habari nyingine za maana zaidi, kwa sababu alikuwa mtu wa kuandika kila alichokiona sokoni. Anaeleza Ujiji yenye mawese yaliyotoka pwani ya Urundi, chumvi ya Uvinza, samaki, nafaka, na shanga zilizotumika kama fedha. Mitumbwi mikubwa ilichongwa kwa miti ya milima ya Ugoma, magharibi ya ziwa, ikauzwa kwa watu wa mashariki. Kwa lugha ya leo tungeiita jumuiya ya kiuchumi, ila haikuwa na makao makuu wala mikutano ya wakuu wa nchi.

Lugha nazo zilivuka. Samaki tunayemwita mukeke hapa, Kigoma anaitwa mgebuka. Ni yule yule, na hana habari amebadilishwa jina wapi.

Tusijidanganye kwamba mambo yalikuwa shwari. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa. Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, akiwa na makao yake Ujiji, alituma watu wake kuteka na kutawala ufukwe wa kaskazini, na ni majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yaliyomzuia asipande milimani. Jina lake lenyewe linajieleza. Sisi tunaosema Kiswahili Rumonge hatuna budi kulisoma jambo hilo bila kuona haya na bila kulificha, maana Mfalme Leopold wa Ubelgiji alilitumia vizuri sana: alisema anakuja kukomesha utumwa, akaiteka Kongo nzima.

Hapa Rumonge ndipo Mapadre Weupe walipofungua misheni yao ya kwanza katika ardhi ya Burundi, mwaka 1879. Haikudumu. Tarehe 4 Mei 1881, mapadre Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao d'Hoop waliuawa katika ugomvi na wenyeji, na misheni ikafungwa. Walipokuja kukaa Burundi kwa kudumu ilikuwa Muyaga, mashariki ya nchi, mwaka 1898. Nikifundisha habari hiyo huwaambia wanafunzi wafikirie mambo mawili kwa pamoja: watatu waliokufa mbali na kwao, na wenyeji ambao hadi hapo walikuwa wameona wageni wenye bunduki wa kila aina na wasingeweza kujua hawa ni wa aina gani.

Mistari juu ya maji

Mkutano wa Berlin ulianza Novemba 1884 ukaisha Februari 1885. Katika mapatano ya miaka hiyo ziwa likapasuliwa katikati: magharibi kwa Leopold, mashariki kwa Wajerumani. Waliochora hawakuwa wamewahi kuvua mukeke. Kwa kalamu yao, Mbwari aliyekuwa na shamba la mihogo Ubwari na mke Rumonge akawa mtu wa dola mbili.

Wajerumani walichukua muda kufika kwa nguvu. Walijenga kituo cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, na Juni 1903 Mwezi Gisabo akalazimishwa kutia sahihi mkataba wa Kiganda. Alitozwa faini ya ng'ombe 424, naye akaachiwa ufalme chini ya bendera ya Kaisari. Mkataba huo hufundishwa sana, na ndivyo inavyostahili. Kisichofundishwa ni yaliyoipata pwani katika miaka hiyo hiyo.

Ugonjwa wa malale uliingia ukingoni mwa ziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ulienea kwa mbung'o, na mbung'o ulipenda vichaka vya kando ya maji, pale pale watu walipoteka maji na kuegesha mitumbwi. Msafara wa daktari Robert Koch ulifika Afrika Mashariki mwaka 1906, na baada ya hapo Wajerumani wakaweka kambi za tiba, wakafyeka vichaka na kuhamisha watu kutoka ukingoni. Dawa iliyotumika, atoxyl, ilikuwa na arseniki ndani yake, na baadhi ya waliopewa walipofuka. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916 waliendelea na kazi ya kupanga upya wakazi wa Imbo, yaani tambarare yote ya kando ya ziwa.

Sisemi malale yalibuniwa. Yaliua kweli, na kufyeka vichaka kulisaidia. Ninachosema ni kwamba pwani iliyokuwa na watu ilihamishwa watu, na aliyekuja baadaye na daftari akaandika alichokiona: hapana mtu.

Karata ya Wabelgiji

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ubelgiji haikuitaka sana Burundi. Ilitumaini kuitumia kama karata, ili mwisho wa kubadilishana ardhi ipate ukingo wa kusini wa mlango wa mto Kongo, uliokuwa mikononi mwa Ureno. Mpango haukufaulu, ikabaki na Ruanda-Urundi, Uingereza ikachukua Tanganyika. Hayo yaliafikiwa mwaka 1919 kati ya Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji. Mwaka 1921 Wabelgiji wakapewa pia sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam, wapangishwe milele kwa faranga moja kwa mwaka. Milele hiyo ilikoma Tanganyika ilipopata uhuru na Mwalimu Nyerere kukataa kuitambua.

Kongo ya Leopold ilikuwa na sheria tangu mwaka 1885 kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Fikra hiyo ilivuka ziwa pamoja na Wabelgiji. Kwa milimani haikuwa na makali sana, kwa sababu kila kilima kilikuwa na watu na ndizi zao. Kwa Imbo iliyohamishwa watu ilikuwa na makali ya wembe. Baada ya Vita Kuu ya Pili likaja pamba, ikaja michikichi kwa mpango, na ile mipango ya mashamba ya mistari iliyonyooka ambayo wazee wa huku wanaiita peyizana. Mkulima alipewa kiwanja apande alichoambiwa. Alikuwa na haki ya kulima, ila mwenye ardhi alikuwa serikali.

Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, faili hizo zilibadilisha mikono tu.

Mwisho wa Aprili 1972 uasi ulizuka, na Rumonge na Nyanza-Lac zilikuwa miongoni mwa mahali ulipoanzia. Waasi waliua watu, wengi wao Watutsi. Serikali ya wakati huo ikajibu kwa kuua Wahutu nchi nzima, maelfu kwa maelfu, kuanzia walimu na wanafunzi. Wengi wa pwani walivuka ziwa au wakatembea hadi Tanzania. Mashamba yao yakapewa watu wengine, na katika miaka ya 1980 mradi mkubwa wa michikichi ukapanda juu ya viwanja vya zamani. Kwa mara nyingine pwani ikaandikwa kuwa haina mtu. Hilo siwezi kumtupia Mbelgiji. Lilifanywa na Warundi. Lakini karatasi waliyoijaza ilikuwa ile ile.

Wazazi wangu walikuwa miongoni mwa waliotoka. Mimi nilizaliwa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora, nikasoma huko kwa Kiswahili. Tulimjua Kinjekitile, tulimjua Mkwawa, na Berlin tuliikariri kama sala. Neno Rumonge nilikuwa nalisikia nyumbani tu, jioni. Nilirudi mwaka 2008 pamoja na maelfu ya wenzangu wa mwaka 1972, nikakuta kwenye shamba la baba kuna mzee mwenye wajukuu. Nilimwamkia, akaitika, akaniletea kiti.

"Mwanangu, mimi sikuiba," akaniambia. "Nilipewa na serikali, nikapanda, nikazika watoto hapa."

"Nakuamini mzee wangu," nikamjibu, "lakini na babu yangu kazikwa hapa."

Wote wawili tulikuwa tunasema kweli. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilipokea kesi za namna hiyo kwa maelfu, nyingi zikiwa za Rumonge na Nyanza-Lac. Mwanzoni ilipendelea pande mbili zigawane. Baada ya 2011 ikaegemea kumrudishia aliyekimbia, na manung'uniko yakahamia upande wa pili. Sisi tuligawana. Bado tunasalimiana, ingawa mawese kila mmoja anakamua kwake.

Kiswahili chetu nacho kina kesi yake. Wajerumani walikitumia ofisini. Wabelgiji wakapendelea Kirundi kwa vijijini na Kifaransa kwa wakubwa, na wasema Kiswahili wakatengewa mitaa yao, kama Buyenzi kule Bujumbura. Kutokea hapo Mswahili akawa mtu wa kuja, hata kama mababu zake walivua hapa kabla ya mstari wowote kuchorwa. Mtoto wa mkimbizi aliyerudi akiongea lafudhi ya Tabora aliunganishwa humo humo. Nimefundisha watoto waliokaa mwezi mzima darasani bila kufungua mdomo, wakihofia kuchekwa.

Na mistari haijaacha kuchorwa. Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015. Katika mageuzi ya 2025 mikoa 18 ikawa 5, nasi tukaingizwa mkoa wa Burunga.

Mwaka 2018 Seneti ya Burundi iliunda jopo la wataalamu kuchunguza madhara ya ukoloni, na mwaka 2020 ikatangazwa kwamba Ujerumani na Ubelgiji zitadaiwa euro bilioni 36. Ubelgiji nayo ilikuwa na kamati ya bunge juu ya Kongo, Rwanda na Burundi, ambayo Desemba 2022 ilimaliza kazi bila kukubaliana hata juu ya kuomba radhi. Wanaojua hesabu za dola watasema kama fedha hizo zitapatikana. Mimi ningeanza na kitu cha bei nafuu. Nyaraka nyingi za utawala wa Ubelgiji zilipelekwa Brussels. Nakala za zile zinazohusu Imbo, vijiji vilivyohamishwa kwa malale na viwanja vilivyogawiwa, ziletwe Rumonge, mahakamani na shuleni, ili hakimu anaposikiliza wazee wawili wanaosema kweli awe na kitu cha tatu cha kusoma, na mwanafunzi wangu anayeuliza huku kulikuwa na nini apewe orodha ya majina.