Chakula Bora kwa Mtu Asiyependa Kupika

Tukitembelea vikundi, maswali yanayoulizwa mbele ya watu huwa juu ya mbegu, mikopo, matangi ya maji na bei ya mbuzi. Swali la leo huulizwa mkutano ukiisha, mtu akikuvuta kando kidogo: "Mimi kupika sipendi. Nifanye nini?" Anayeuliza si msichana mvivu kama wengine watakavyodhani. Ni mama aliyetoka shambani saa kumi na mbili jioni na bado kuna ng'ombe wa kukamwa. Ni nyanya anayelea wajukuu wanne huku magoti yanamuuma. Ni mzee aliyefiwa na mkewe, ambaye tangu azaliwe hajashika mwiko kwa sababu kwao mwanamume akionekana jikoni anachekwa. Ni kijana wa bodaboda aliyepanga chumba kimoja pale sokoni.

Kwetu sisi hilo si jambo la kumwonea mtu haya. Kupuliza kuni mbichi saa mbili nzima, macho yakitoka machozi, nani atasema anapenda? Shida ni kile kinachofuata. Asiyependa kupika hukimbilia chai na mkate, au mandazi, au ugali na supu ya nyanya. Tumbo linajaa na mtu analala. Lakini mtoto chini ya miaka 5 akilishwa hivyo miezi mfululizo, hakui vizuri, na akizidiwa, nywele hubadilika rangi na miguu ikavimba. Mama mjamzito hupungukiwa na damu. Mgonjwa wa kifua kikuu naye, ambaye kwa kawaida humeza dawa kwa miezi 6, akizimeza juu ya chai tupu kila siku zinamsumbua mpaka anatamani kuziacha. Na akiziacha katikati, ugonjwa hurudi, na mara nyingine hurudi ukiwa umezoea zile dawa. Watu wa namna hii tuko nao katika jumuiya zetu ndogo ndogo, na wengi wao wanakaa peke yao.

Mliosoma nasi siku nyingi mnakumbuka yale mafungu matatu: chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili, na cha kulinda mwili. Watu husikia hayo wakadhani ni lazima pawe na sufuria tatu na meko matatu. Sivyo. Mafungu yote matatu yanaweza kukaa katika sufuria moja, na saa ingine hata moto hauhitajiki.

Tuanze na hicho kisichohitaji moto, maana ndicho rahisi. Ugali uliobaki jana usiku, ukiwa haujaharibika, ukatwe vipande na kuliwa na maziwa mala na nusu ya avokado. Hapo nguvu ipo, ya kujenga mwili ipo, na mafuta mazuri yapo. Ongeza chungwa, pera au kipande cha papai. Watu wa Bonde la Ufa hawatashangaa, wao ugali na maziwa ni chakula cha kila siku, na wamekimbia mbio hadi dunia nzima ikawajua. Viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi huliwa hivyo hivyo mchana pamoja na njugu karanga za kukaanga. Mkipata mbegu ya viazi vile vyenye rangi ya machungwa ndani, pandeni, kwa sababu vina vitamini A inayosaidia macho ya watoto, na vile vyeupe hiyo karibu havina.

Lakini njugu ziangaliwe. Iliyo na ukungu, iliyokunjamana au yenye uchungu itupwe, hata kuku wasipewe. Mahindi ni hivyo hivyo. Mwaka wa 2004 watu zaidi ya 100 walikufa Ukambani, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Kabla ya kuweka mahindi ghalani, chukueni chupa kavu, tieni mahindi kidogo na chumvi kavu, mtikise. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani.

Sasa chakula cha dakika kumi na tano. Yai. Tunashangaa ni nyumba ngapi zinafuga kuku, mayai yote yanakwenda sokoni, kisha pesa zinarudi zikiwa mkate na mafuta ya kupikia. Uzeni, ndiyo, lakini mayai mengine yabaki nyumbani kwa ajili ya mtoto, mjamzito na mgonjwa. Namna ya kupika ni hii: kata kitunguu na nyanya mbili, weka kwenye sufuria na mafuta kijiko kimoja. Nyanya zikilainika, tia sukuma wiki iliyooshwa na kukatwa, na kabla haijaiva kabisa, vunja mayai mawili juu yake, funika mpaka yashikane. Kile ni kitoweo cha watu wawili, na umechafua sufuria moja tu.

Omena pia ni ya haraka. Wengine wanakimbia harufu yake, lakini harufu hiyo hupungua omena wakioshwa kwa maji ya moto, kisha wakageuzwa-geuzwa kwenye sufuria kavu kabla ya kutia nyanya, kitunguu na ndimu. Kwa vile tunawala na mifupa yao, wanatupa madini ya mifupa na meno. Nunua waliokauka kabisa. Waliolowa huoza mapema.

Juu ya mboga za kienyeji tuna neno. Managu, terere, sageti na kunde zinajulikana kuwa na madini na vitamini nyingi, na mwaka wa 2021 shirika la UNESCO liliitambua kazi iliyofanywa Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mzuri kwa nchi nyingine. Hayo yote ni sawa, lakini asiyependa kupika atakuambia ukweli: kuchambua managu ni kazi ya saa nzima, na jani lenyewe likiingia sufuriani linanywea likawa kama ngumi. Kikundi kimoja tunachokijua kimetatua jambo hili bila semina yoyote. Siku ya mkutano kila mtu huja na mboga yake, na wakati katibu anasoma kumbukumbu na mweka hazina anahesabu pesa za mzunguko, mikono inachambua. Mkutano ukiisha kila mmoja anarudi nyumbani na mboga iliyo tayari kwa sufuria. Zioshe kabla ya kukata, si baada, kwa maana ukikata kwanza vitamini zinakwenda na maji. Pika kwa muda mfupi. Na tafadhali, magadi muiache. Inalainisha mboga na kuipa rangi, lakini inaharibu vitamini. Mboga ikikuchachia mdomoni, maziwa kidogo au njugu zilizosagwa zitaituliza.

Chakula tunachokipenda zaidi kwa watu wa namna hii ni mseto. Ndugu zetu wa Pwani wanaujua vizuri. Ni mchele na ndengu (wao husema pojo) katika sufuria moja. Chambua ndengu kikombe kimoja, uzichemshe mpaka zianze kupasuka, jambo ambalo halichukui muda kama maharagwe. Tia mchele vikombe viwili, chumvi, kitunguu kilichokatwa, na maji yapite juu ya mchele kwa kiungo kimoja cha kidole. Funika, punguza moto, acha maji yakauke. Mwenye nazi atie tui zito mwishoni. Asiye na nazi atie mafuta kidogo au maziwa. Karoti na majani ya kunde yaliyokatwa ndogo ndogo yanaweza kuingia pamoja na mchele. Hapo huna haja ya kitoweo kingine. Ijumaa za Kwaresima mseto hufaa sana, na hakuna atakayeuliza nyama iko wapi. Kwa wale wanaokaa sehemu kavu kama Makueni, Kitui na Mbeere, ndengu ni mazao yenu wenyewe. Mnaziuza zote kisha mnanunua kabichi, na hilo mtatusamehe tukisema halituingii akilini.

Maharagwe ndiyo yanayokatisha watu tamaa, kwa sababu ya muda na kuni. Yaloweke usiku kucha, maji yale yamwagwe asubuhi, upike kwa maji mapya. Hilo peke yake linapunguza muda sana, na hata tumbo halijai hewa kama kawaida. Kisha kuna kikapu cha kupikia bila moto, ambacho akina mama wa vikundi vingi wamekisikia lakini wachache wamekitengeneza. Si uganga. Huko Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watu walitumia sanduku lililojazwa nyasi kavu kwa kazi hiyo hiyo ili kuokoa makaa na gesi. Chakula kikishachemka sawasawa, moto wake ukizuiwa kutoka, kinaendelea kuiva chenyewe.

Tafuta kikapu kikubwa kinachoweza kumeza sufuria na bado pakabaki nafasi ya kiganja kimoja kila upande, na chini pia. Jaza nafasi hiyo kwa matambara, sufu ya godoro kuukuu au nyasi zilizokauka vizuri, zishindiliwe, kisha ushonee kitambaa juu yake pawe kama kiota. Shona mto mnene wa kufunika. Sufuria iwe na kifuniko kinachokaa vizuri na isipungue nusu, maana sufuria yenye chakula kidogo hupoa haraka. Mchele ukichemka dakika tano, uingize kikapuni, na baada ya nusu saa hadi dakika 40 umeiva, wala haukuungua. Maharagwe yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu nusu saa, kisha yaingie kikapuni saa nne au tano bila kufunguliwa. Unaweza kwenda shambani, kanisani, au kulala.

Hapa tunasisitiza jambo moja. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuendesha yasipoiva, na joto dogo haliiondoi. Usiyaweke kikapuni kabla hayajachemka kwa nguvu, ati yataiva huko mbele kwa mbele. Na yakitoka kikapuni yarudishwe motoni yachemke tena kabla ya kuliwa. Kikapu pia si friji. Chakula kisilale humo usiku kucha na kesho mchana, kwa kuwa kikifika vuguvugu viini huzaana. Chakula kilicholala mahali pengine pasipo friji kichemshwe sawasawa asubuhi, na kikitoa povu au uchachu kitupwe.

Chai nayo tuiguse. Hatusemi muiache, tungefukuzwa kijijini. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula inauzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na mboga, na madini hayo ndiyo ya damu. Ngoja kama saa moja hivi baada ya kula. Wakati wa kula, ndimu au chungwa hufanya kazi ya kinyume: husaidia madini hayo kuingia mwilini.

Kwa watoto kuanzia miezi 6, uji wa wimbi uliotiwa maziwa au njugu zilizosagwa unafaa, mradi uwe mzito kiasi cha kushika kwenye kijiko, na maziwa ya mama yaendelee. Siku hizi kuna mtindo wa kusaga pamoja wimbi, mtama, mahindi, soya, omena, njugu na kila kitu kilichoko sokoni, upate unga wa nguvu. Sisi hatuupendi. Omena na njugu zikikaa kwenye unga zinaharibika upesi, na soya ambayo haikukaangwa au kuchemshwa kwanza huzuia tumbo kusaga chakula. Saga wimbi peke yake au na nafaka nyingine moja. Hivyo vingine viingie sufuriani siku ya kupika.

Sasa tumrudie yule mzee na yule mgonjwa wa kifua kikuu anayekaa peke yake. Kumwambia ajifunze kupika akiwa anakohoa ni maneno tu. Jumuiya moja ikiwa na vikapu viwili, wa nyumba ya karibu anaweza kupika mseto asubuhi pamoja na wa watoto wake, sufuria ndogo ikaingia kwenye kikapu cha mgonjwa, na mtoto akaipeleka mpaka mlangoni akienda shule. Saa sita chakula bado ni moto. Gharama ni kikombe cha ndengu na vya mchele viwili, na kama kikundi kimenunua gunia kwa pamoja wakati wa mavuno, haitamwelemea mtu mmoja. Pangeni zamu kwa wiki badala ya siku, kwa kuwa zamu za siku husahauliwa. Kikapu kinaporudi jioni, mto utolewe na uanikwe juani angalau mara moja kwa wiki, maana unanyonya mvuke na ukikaa hivyo huanza kunuka.