Sahani Tano za Ata

Kuna wasee wanasaka raba, kuna wenye wanasaka jezi za mpira. Mimi nasaka sahani. Glasi nyeupe ka maziwa, maua ya bluu kwa ukingo, na ukiigeuza nyuma imeandikwa Arcopal France. Sai niko nazo tisa, sosa nne hazina vikombe, na bakuli moja ya sukari. Keja yangu iko hapa Lowarengak, karibu na Ziwa Turkana, mahali upepo unapiga mchanga hadi unaingia kwa ugali. Kuweka glasi hai hapa ni wera.

Tano za kwanza zilikuwa za ata, shosh yangu. Miaka ya 80 alikuwa anauza samaki wa kukauka Kalokol, time ile Norad ya Norway ilikuwa imejenga kiwanda cha samaki huko na watu wa ziwa wanashika doo. Majirani walinunua mbuzi. Yeye alinunua mbuzi, halafu akaenda Lodwar akarudi na sahani sita. Kwa boma maziwa yalikuwa yanakamuliwa kwa elepit, ile chombo ya mti, na chakula kinakuliwa kwa sahani za bati. Glasi ilikuwa kitu ya kwanza kwake yenye ukiinua kwa jua unaona kivuli ya vidole vyako upande ule mwingine. Mimi alinionyesha hivyo nikiwa mtoto, ameshika sahani na mikono mbili, hataki niguse.

1990 Kenya na Norway zikakosana, doo za mradi zikakatika. Sahani zikabaki. Ata alizifunga moja moja na ngozi ya mbuzi, akazilaza kwa sanduku ya bati chini ya kitanda. Moja ilivunjika siku ya harusi, na hadi leo hatusemi nani aliiangusha.

Nikaanza kuuliza hizi vitu zinatoka wapi. Zilitengenezwa Arques, kaskazini ya Ufaransa, kuanzia 1958. Ule weupe si rangi ya kupakwa. Kwa hii aina ya glasi, floraidi inawekwa ikiwa bado imeyeyuka, na ikipoa inageuka ka maziwa. Manze, hapo nilinyamaza kidogo. Floraidi ndio imejaa kwa maji ya ziwa letu, na ndio imefanya meno za watu wengi wa hapa zikuwe za kahawia. Kitu moja: imeng'arisha sahani ya ata, ikachafua meno yake.

Kutafuta zingine ndio raha yenyewe. Lodwar unabahatisha kwa walimu na manasi wakipewa transfa. Kabati inauzwa, na vyombo vya wageni vinaenda nayo. Nne nilizitoa hapo, soo mbili kila moja. Kakuma ni soko ya aina ingine. Kambi ya wakimbizi imekuwa huko tangu 1992, na kila watu walikuja na vile wanaandaa meza yao. Kwa Wahabeshi unapata sini, vile vikombe vidogo vya kahawa havina mkono, vimepangwa kwa meza fupi karibu na jabana, ile birika ya kahawa, na rangi zake zinafanana zote. Si glasi, lakini nilijifunza hapo kwamba seti ni pamoja na kile kimeizunguka: meza, kitambaa, bakuli ya sukari.

Bakuli yangu ya sukari ilitoka Kakuma. Mathe mmoja Mkongo alikuwa amepata ndege ya Canada na familia yake, akaanika kila kitu nje: godoro, jiko, sufuria. Maua ni yale yale ya ata. Nilimpatia thao bila kubishana bei. Akaifuta na leso yake mara mbili, akaniambia kifuniko kilivunjika njiani wakija. Sitakitafuta kingine. Imekaa vizuri hivyo.

Kuileta nyumbani ilikuwa mambo ingine. Njia ya Kataboi na Nachukui ni laga baada ya laga, ile mito ya msimu, na juu ya Landcruiser kila kitu kinaruka. Wasee, sahani hazilazwi zikibebana. Zisimamishe ka vitabu, kila moja na gazeti yake, halafu blanketi kando. Bakuli nilibeba kwa mapaja hadi hapa.

Kuosha nayo kuna sheria. Mchanga ni wa sufuria, na stilwulu inakula maua. Maji ya ziwa yakikaukia kwa glasi yanaacha utando mweupe, so mimi natumia ya kisima, na utando wa zamani naupaka ndimu. Na ukiona maua yanatoka kwa kidole, hiyo sahani usiilie tena. Rangi za kitambo zingine ziko na risasi. Iweke ukutani. Coast walishafanya hivyo zamani sana: Lamu walijenga zidaka za kupanga vyombo, na Mambrui kuna kaburi ya nguzo imepambwa na bakuli za China.

Lakini zangu zikiwa nzima, tunazilia. Ata alizifunga kwa ngozi miaka hiyo yote, na mimi naona hapo alijinyima. Jumapili mbogi ikikuja, tilapia inatoka kwa mafuta inakaa juu ya maua ya bluu, na mtu wa kwanza kupewa ni yeye. Siku ya kwanza alikataa. Sai anauliza mapema ka zimeoshwa.

Bado namtafutia ile ya sita. Ka iko kwa kabati yenu Lodwar ama Kakuma, maua ya bluu kwa ukingo, igeuze usome nyuma. Nitaifuata mwenyewe, na sitakuja mikono mitupu: nitakuletea samaki.