Nilikwenda Saza na detekta, nikarudi na mfuko wa misumari: mambo niliyojifunza kuhusu kuuza vitu vya kale

Stori ya leo ni ndefu kidogo, kwa hiyo tafuta sehemu ukae. Inahusu hela niliyoipata nikairudisha, na hela nyingine niliyoikataa mwenyewe wakati kodi ya chumba cha mzigo imebakiza siku tisa.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi niko Mbeya, nauza vitu vya kizamani kwa simu. Chemli, pasi za mkaa, redio za mbao, sarafu. Wateja wangu ni migahawa inayopenda kupamba kuta, wakusanyaji wa sarafu, na ndugu zetu walioko nje wanaotaka kitu cha kuwakumbusha nyumbani.

Mwaka jana mzigo ulikauka. Mitaani kila mwenye pasi ya mkaa alikuwa ameshajua bei, anataka elfu hamsini. Ndipo kijana mmoja mchimbaji akaniambia, "Dada, unahangaika na watu wa mjini wakati Saza vitu vyako vimelala chini ya udongo? Kodi detekta uende."

Saza iko wilaya ya Songwe, eneo ambalo zamani lilikuwa Chunya. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na miaka ya 1930 watu walimiminika huko kutoka kila upande. Vijana wengi wa Kinyakyusa walishuka kutoka Rungwe kwenda kutafuta hela ya kodi na ya mahari. Mgodi wa New Saza ulianza 1939 ukafungwa 1956. Ulipofungwa, watu wakaondoka, nyumba za mgodi zikabaki misingi, majani yakaota. Uchimbaji mdogo bado upo maeneo hayo, lakini ule mji wa mgodi wenyewe ulikufa.

Nikajisemea, watu wote wale, miaka yote ile, lazima waliangusha vitu.

Basi nikapanda gari Mbalizi hadi Mkwajuni, nikamalizia na bodaboda. Nilianza kwa mwenyekiti wa kijiji, akanielekeza kwa mzee ambaye shamba lake linapakana na misingi ya zamani. Nikamsalimia, nikamweleza shida yangu. Akasema, "Tafuta mwanangu, lakini mashimo yote uliyochimba uyafukie. Nina mbuzi." Akanipa na mjukuu wake anisindikize, tukakubaliana posho.

Sasa detekta. Kama hujawahi kuishika, ni mti wenye sahani chini. Ile sahani inatuma nguvu ya sumaku ardhini, ikikutana na metali inarudishiwa, mashine inalia. Niliyokodi ilikuwa ya wachimba dhahabu. Hizo zimetengenezwa kusikia kipande kidogo sana cha dhahabu, kwa hiyo zinalia kwa kila kitu. Haichagui. Siku ya kwanza ililia mara 63. Nilihesabu. Misumari ilikuwa 41, vifuniko vya soda 12, na vilivyobaki ni vipande vya waya, makopo, na vitu vinne tu vya maana. Mgongo uliuma mpaka nikakumbuka mama yangu akipalilia mahindi.

Siku ya pili nilisogea kwenye kivuli cha mwembe mkubwa. Nikafikiri kama mfanyabiashara: watu huangusha hela pale wanapokaa, si pale wanapopita. Na kweli. Chini ya mwembe ule nilitoa sarafu. Jumla ya siku mbili nilipata sarafu kumi za senti kumi zenye tundu, shilingi mbili za simba, vichwa viwili vya sururu, taa ya mchimbaji isiyo na kioo, zile zilizowaka kwa kabaidi na maji, na kibao kimoja kidogo cha shaba ya njano. Mviringo, kina tundu la kamba, kimegongwa namba 417.

Nikarudi Mbeya natabasamu. Hapo ndipo makosa yalipoanza.

Sarafu moja ilikuwa ya 1936, ina jina la mfalme Edward wa Nane. Nikasoma haraka haraka kwamba mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja, akaachia kiti Desemba 1936. Kichwani ikaingia: kama alitawala muda mfupi, basi sarafu yake ni adimu! Nikaisugua kwa ndimu, majivu na waya wa kuoshea sufuria mpaka ikawaka kama pete mpya. Nikapiga picha, nikaandika: SARAFU ADIMU SANA, ipo moja tu, laki moja na nusu. Siku hiyo hiyo mteja wa Arusha akalipa.

Baada ya siku sita akanitumia ujumbe. Hakutukana, na hiyo iliniuma zaidi. Aliandika kwamba ameionyesha kwa wanaojua. Kwanza, senti kumi za Edward zilitengenezwa kwa mamilioni, zimejaa tele. Pili, ile sarafu imesuguliwa, hata thamani ndogo iliyokuwa nayo imeondoka. Mwisho akasema, "Dada, nilinunua kwa sababu nilikuamini wewe."

Ile hela nilikuwa nimeshatumia nusu. Nilikopa kwa shoga yangu, nikamrudishia yote pamoja na gharama ya kutuma. Kisha nikaifuta ile posti na kuweka nyingine inayosema nilikosea. Niliogopa watu wangekimbia. Wachache waliondoka, ni kweli.

Wiki hiyo hiyo mteja mwingine, anaishi nje ya nchi, akakiona kile kibao namba 417 kwenye stetasi yangu. Akaniuliza: kilikuwa cha nini, nani alikitumia? Akasema nikimpa maelezo ya kweli atatoa laki mbili. Laki mbili! Na mimi nilikuwa na deni la shoga na kodi ya chumba mlangoni. Zamani ningetunga stori papo hapo. Safari hii nilipanda gari tena hadi Saza.

Mzee alikigeuza kile kibao mkononi muda mrefu. Akaniambia baba yake alifanya kazi chini, na alikuwa na kibao kama hicho. Asubuhi unapoingia unakiacha, jioni ukipanda unakichukua. Kwa hiyo jioni wasimamizi walitazama ubaoni: kibao kikibaki kinaning'inia, mtu mmoja hajatoka. "Sisi watoto tulikuwa tukisikia kengele," akasema, "mama alikuwa hasemi kitu mpaka amwone baba amefika njia panda."

Nikamuuliza kama 417 ilikuwa ya baba yake. Akasema hapana, ya baba yake anaikumbuka, ilikuwa nyingine. Halafu akanyamaza, akaniuliza swali moja: "Sasa huyu, alikichukua jioni kikamdondoka, au?"

Sikuwa na jibu. Na yeye hakuwa nalo.

Sikumwambia bei. Nilimwachia kile kibao, akasema atawaonyesha wazee wenzake waliobaki, huenda yupo anayeijua namba hiyo. Nikamwandikia mteja wangu kwamba hakiuzwi tena, nikamweleza sababu. Alinijibu "sawa" tu, hajanunua kitu tangu siku hiyo. Kibiashara, mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Shoga yangu anasema mimi ni mjinga. Lakini usingizi nilipata.

Kabla sijaondoka, mzee alinieleza na vitu vingine: ile taa ya kabaidi ilivyokuwa ikinuka, ilivyowekwa maji juu na kabaidi chini, moto wake mweupe. Niliandika yote kwenye daftari. Nilipoiweka taa mtandaoni na maelezo hayo, nikasema wazi kioo hakipo na sehemu moja imeliwa na kutu, iliondoka kwa siku mbili.

Hesabu yangu hii hapa, sifichi:

Matumizi
– Kukodi detekta siku 2: 80,000
– Nauli na bodaboda, safari mbili: 64,000
– Chakula na kulala: 38,000
– Posho ya kijana: 30,000
– Kufungasha na kutuma: 22,000
Jumla: 234,000

Mauzo
– Sarafu za tundu 9, seti tatu za sarafu tatu: 75,000
– Shilingi za simba 2: 60,000
– Taa ya kabaidi: 85,000
– Vichwa vya sururu 2: 40,000
Jumla: 260,000

Faida: 26,000. Kwa siku tatu za jua na mgongo unaouma. Ile ya Edward niliyoisugua ninayo mezani, inanikumbusha.

Sasa, kama unauza au unataka kuanza kuuza vitu vya kale, beba haya:

1. Usisugue sarafu. Loweka kwenye maji safi, suuza, iache ikauke yenyewe kwenye kitambaa. Ule weusi au ukijani wa shaba ndio mkusanyaji anautafuta. Chuma ni tofauti: kutu inaendelea kula, kwa hiyo kwangua taratibu kwa brashi kavu kisha paka mafuta kidogo.

2. Jifunze kusoma sarafu kabla ya kupanga bei. Shilingi za Afrika Mashariki za mwaka 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, na za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Herufi ndogo H au KN zinaonyesha kiwanda, vyote vya Birmingham. Ukongwe peke yake hauleti bei. Bei inaletwa na uchache na hali ya sarafu.

3. Jihadhari na "mali ya Mjerumani". Rupia ya kawaida ya Mjerumani ni ya fedha, haina uchawi na haina zebaki ndani. Sarafu ya dhahabu ipo, ile ya rupia 15 yenye tembo iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, na kwa sababu inatafutwa sana feki zake ni nyingi mno. Mtu akikuletea gizani kwa bei ya haraka, mwache apite.

4. Omba ruhusa na ujue sheria. Anza na serikali ya kijiji, mwenye shamba, na mwenye leseni ya madini kama ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kuchimba kuvitafuta kunahitaji leseni, na kutoa vitu vya kale nje ya nchi kunahitaji kibali. Ukiwa na shaka, uliza Idara ya Mambo ya Kale kabla hujatuma mzigo. Na detekta ikilia ukakuta dhahabu, hiyo si bidhaa ya stetasi. Ina sheria yake na soko lake la madini.

5. Angalia uhai wako. Maduara ya zamani yamefunikwa na majani, huyaoni mpaka umeingia. Mchanga wa marudio unaweza kuwa na zebaki au sayanaidi. Usilie chakula hapo, nawa mikono, usiende na watoto, na usiende peke yako.

6. Andika kasoro kabla ya sifa. "Haina kioo, ina kutu upande mmoja" imeniuzia zaidi kuliko "adimu sana". Mteja aliye mbali hawezi kushika bidhaa, anashika maneno yako.

7. Daftari ni bei rahisi kuliko detekta. Siku hizi naenda kwa wazee majumbani, nanunua kwa bei ya haki, nauliza kitu kilitumikaje na nani, naandika mbele yao. Wakisema jina lisitajwe, silitaji. Mwezi uliopita pasi tatu za mkaa zilinipa faida kuliko safari nzima ya Saza.

Na yule mteja wa Arusha? Mwezi wa pili baada ya kumrudishia hela yake alinitafuta. Alinunua zile shilingi mbili za simba. Safari hii aliuliza swali moja tu: "Hujazisugua?" Nikamwambia hapana. Akalipa.

Kama umewahi kurudisha hela ya mteja, tuandikie ilikuwaje, wenzako wajifunze. Na kama babu au bibi yako alifanya kazi Saza na unaikumbuka namba 417, njoo inboksi. Kuna mzee anasubiri.