Joto la mitambo ya sarafu za kidijitali lina faida gani Busia na Tororo?

Katika nchi za baridi kali, mitambo ya kuchimba sarafu za kidijitali imeanza kupewa kazi ya pili: kupasha nyumba joto. Mwaka 2018 kampuni ya Qarnot ya Ufaransa ilizindua kifaa cha kupasha chumba joto ambacho pia huchimba sarafu hizo. Mwaka 2024 kampuni ya MARA ya Marekani ilitangaza mradi nchini Finland unaotumia joto la mitambo yake kuwapatia maji moto ya mabomba wakazi wapatao 11,000 wa eneo la Satakunta.

Msikilizaji wa Busia au Tororo, anayefungua dirisha usiku kutafuta upepo, ana haki ya kuuliza: sisi joto hilo litatufaa nini? Kwa nyumba, halina kazi. Kwa gunia la mahindi mabichi, huenda likafaa, ila kwa masharti.

Joto hilo hutoka wapi?

Kuchimba Bitcoin ni mashindano ya kubahatisha namba. Kompyuta duniani kote hushindana, na kila baada ya dakika 10 hivi mshindi mmoja hupata zawadi, ambayo tangu Aprili 2024 ni Bitcoin 3.125. Mtambo huo hauinui mzigo wala hausagi nafaka. Karibu umeme wote unaoingia hutoka ukiwa joto. Mtambo wa kilowati 3 ni sawa na pasi tatu za umeme za wati 1,000 zilizoachwa zikiwaka usiku na mchana.

Kwa hiyo usemi wa "joto la bure" unapotosha. Joto hilo limekwisha kulipiwa katika bili ya umeme.

Kwa nini mahindi?

Wakulima wengi wa mpakani huanika mahindi juani, juu ya maturubai. Mvua ikinyesha katikati ya mavuno, nafaka hubaki na unyevu, kuvu huota na kuzalisha sumukuvu iitwayo aflatoksini, ambayo husababisha saratani ya ini. Machi 2021 Kenya ilisitisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo. Siku chache baadaye iliruhusu tena, kwa sharti kwamba shehena iwe na cheti kinachothibitisha kuwa aflatoksini haizidi sehemu 10 katika bilioni. Kwa mfanyabiashara wa Busia na Malaba, unyevu uligeuka kuwa suala la kuvuka mpaka au kurudi na mzigo.

Hapo ndipo hewa ya moto ina thamani. Hewa ikipashwa joto, uwezo wake wa kufyonza unyevu huongezeka. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 hupoteza takriban kilo 7 za maji ili lifikie asilimia 13.5 inayokubalika sokoni. Tukikadiria kwamba kikaushio cha kawaida hutumia yuniti moja na nusu ya umeme kwa kila kilo ya maji, mtambo wa kilowati 3, unaotumia yuniti 72 kwa siku, unaweza kukausha magunia 7 hivi.

Gharama iko wapi?

Tuchukulie yuniti moja ni shilingi 20 za Kenya. Siku moja itagharimu shilingi 1,440, yaani zaidi ya shilingi 200 kwa gunia. Jua halidai kitu. Hesabu hiyo hupungua iwapo sarafu zitaingiza fedha, lakini bei yake hupanda na kushuka, na mitambo ya zamani hushindwa haraka na mipya. Aidha, mavuno hudumu majuma machache, ilhali mtambo hufanya kazi mwaka mzima. Finland ina miezi mingi ya baridi; Tororo haina miezi mingi ya mahindi mabichi. Kuna pia vumbi la nafaka, ambalo huharibu mtambo hewa isipopita kwenye mtambo kwanza, kisha kwenye mahindi.

Ndiyo maana katika ukanda wetu wachimbaji hufuata umeme wa ziada. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, uchimbaji ulianza mwaka 2020 kwenye bwawa la Luviro, ambako maji yalizalisha umeme uliokuwa bado haujapata wateja. Nchini Kenya, kampuni ya Gridless huweka mitambo yake penye vituo vidogo vya umeme wa maji vijijini. Mahali kama hapo, yuniti isiyonunuliwa ingepotea, na joto lake ni nyongeza ya kweli.

Mtu akikuletea mtambo wa namna hii na kukuahidi faida maradufu, muulize mambo matatu: nani analipa umeme, joto litatumika miezi mingapi kwa mwaka, na bei ya sarafu ikianguka nani atabeba hasara. Asipokuwa na majibu, tandika turubai lako, na fedha ulizotaka kumpa nunua kipima unyevu. Hicho kitakueleza hali ya mahindi yako kabla hujafika mpakani.