Dabi za Italia: watani wa jadi wajaza viwanja, wachuuzi walia

Muuza skafu mmoja wa nje ya San Siro, Milano, ana hesabu fupi ya dabi: ni mechi mbili za ligi kwa msimu, na zikiharibika hizo, msimu wake umeharibika. Skafu ya dabi hufumwa na tarehe ya mechi. Ikibaki usiku ule, asubuhi ni tambara, na karakana haipokei mzigo uliorudi.

Kinachomuuma zaidi ni kwamba anayenunua siku hizi si shabiki wa jukwaa la nyuma ya goli. Huyo hununua kwa wenzake wa kikundi, maana fedha za skafu na stika ndizo zinazolipia yale mabango makubwa ya kufunika jukwaa zima. Kwa muuza skafu huja mtalii, anayetaka skafu yenye rangi za timu zote mbili, nusu kwa nusu, kitu ambacho shabiki wa kweli hawezi kukivaa hata kwa baridi ya Januari. "Nauza ninachoona aibu kukivaa," anasema.

Halafu kuna marufuku. Timu za miji hasimu, kama Roma na Napoli, zinapokutana, wakuu wa mikoa huzuia wakazi wa mkoa mgeni kununua tiketi, mara nyingi zikiwa zimebaki siku chache. Mchuuzi anayefuata misafara ya mashabiki anakuwa ameshalipia mzigo. Hakuna wa kumfidia.

Afisa mmoja wa usalama anayatetea masharti yaliyokazwa baada ya polisi kuuawa katika dabi ya Catania na Palermo, Februari 2007. Vurugu ndani ya viwanja, anasema, zimepungua. Ndani ya viwanja, labda. Januari 2023 mashabiki wa Roma na wa Napoli walipigana kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu ya A1, kila kundi likienda kwenye mechi nyingine kabisa. Kadi ya shabiki, iliyoanza kudaiwa mwaka 2010 kwa wanaoifuata timu ugenini, haikuwazuia.

Fedha nene, kwa vyovyote, haikuwa kwenye skafu. Mwaka 2024 viongozi wa vikundi vya majukwaa ya timu zote mbili za Milano walikamatwa, waendesha mashtaka wakidai walitia mkono kwenye tiketi, maegesho na vinywaji, na kwamba mahasimu hao walikuwa na makubaliano ya kutoingiliana. Muuza skafu hakushangaa. Kuhusu maegesho hakutaka kuzungumza.

Huko mbele hakusomeki. Timu za Milano, zinazotumia uwanja mmoja tangu 1947, zinataka kujenga mpya jirani, na wanaoutetea mradi wanaahidi ajira. Huenda zikaja. Mchuuzi wetu anauliza tu kama kibanda chake kitabaki nje ya geti au kitamezwa na maduka ya ndani. Mzigo wa dabi ijayo ameupunguza.